Alizima Ulinzi kwa Mkono Wake: Mrembo wa Kapalamsenga na Trojani Iliyokula Hela za Kikoba

Weka pembeni kidogo stori za nani kaachana na nani, na nani kapiga picha na gari la kuazima. Leo kuna mwizi ambaye hakuvunja dirisha wala hakuruka ukuta. Alibisha hodi, akafunguliwa, akapewa kiti, na aliyemfungulia akafurahi kwamba mgeni kafika. Mwizi huyo anaitwa trojani, na safari hii alitua Kapalamsenga, mkoani Katavi.

Kwa wasiopajua, Kapalamsenga ipo wilaya ya Tanganyika, kwenye mkoa uliozaliwa 2012 baada ya kumegwa kutoka Rukwa. Watu wa Mpanda wakisikia jina hilo wanakumbuka shaba, maana ndiko inakochimbwa. Ukiwatajia mambo ya kudukuliwa, wengi wanajibu kwamba hayo ni ya maofisi ya Dar na mabenki ya Ulaya. Kumbe laptopu moja ya mtumba juu ya meza ya sebuleni inatosha kabisa.

Mwenye laptopu jina lake linabaki kapuni. Ni binti wa miaka 24, mrembo, mchapakazi, anatengeneza kadi za harusi na kuhariri video za send-off na kitchen party. Laptopu aliinunua Mpanda mjini kwa shilingi 450,000 alizozikusanya msimu mzima. Ukurasa wake mtandaoni ulikuwa na wafuasi elfu tisa na ushee, na kazi zake nyingi zilipitia hapo.

Nyumbani laptopu ile ilikuwa ya wote. Mdogo wake, kijana wa kidato cha tatu, alichezea magemu. Mama yao, ambaye ni katibu wa kikoba cha wanawake 22, aliwekewa humo hesabu za kikundi kwenye Excel, baada ya daftari la zamani kulowa mvua. Mashine moja, watu watatu, na siri za watu 22 ndani yake. Kumbuka hilo, maana ndilo lililokuja kuuma.

Ilivyoingia

Alhamisi moja usiku, programu yake ya kuhariri video iliisha muda wa majaribio. Ikaanza kupiga mhuri mkubwa katikati ya picha, juu kabisa ya uso wa bibi harusi. Jumamosi kuna shughuli, video ya send-off inatakiwa ikaonyeshwe ukumbini. Kulipia programu ni dola, na dola zenyewe zinataka kadi ya benki ambayo hana.

Akaingia Telegram kwenye kundi moja la watu wanaogawa programu za kraki bure. Akaipata. Chini ya linki kulikuwa na maelekezo matatu. Kwanza, zima antivairasi. Pili, fungua faili la zipu kwa nenosiri 1234. Tatu, bonyeza kitufe cha kulia na uiendeshe kama msimamizi wa kompyuta.

Soma tena hayo maelekezo taratibu. La kwanza linamtoa mlinzi getini. La pili lipo kwa sababu faili lililofungwa kwa nenosiri antivairasi nyingi haziwezi kuchungulia ndani yake. La tatu linampa mgeni funguo za vyumba vyote, hadi kile anacholala baba mwenye nyumba. Mwizi hakuiba funguo hata moja. Aliandika tu barua ya kuomba, na kila alichoomba akapewa.

Na programu ilifanya kazi! Hapo ndipo watu wengi hawaelewi. Wanadhani kitu chenye virusi lazima kigome, au kioo kiwe cheusi, au lije fuvu la kichwa likichekacheka kama kwenye muvi. Hapana. Mhuri ukaondoka, video ikaisha, Jumamosi bibi harusi akalia kwa furaha ukumbini, na binti akalipwa chake. Kwa siku tatu hakuna aliyehisi kitu.

Farasi wa mbao

Jina lenyewe linatoka kwenye hadithi ya kale ya Wagiriki. Waliuzingira mji wa Troya miaka kumi bila kuingia. Mwishoni wakajenga farasi mkubwa wa mbao, wakajificha askari ndani yake, wengine wakajifanya wameondoka. Watu wa Troya wakalikokota lile zawadi wenyewe hadi ndani ya kuta zao. Usiku askari wakatoka tumboni mwa farasi, wakafungua malango.

Hapo ndipo trojani inapotofautiana na kirusi cha kawaida. Kirusi kinajizalisha chenyewe, kinaruka kutoka faili hadi faili, kutoka flashi hadi flashi. Wale waliowahi kutoka stationary na flashi iliyojaa mafolda ya njia za mkato wanajua adha yake. Trojani yenyewe haina haraka ya kuzaana. Inachohitaji ni mtu mmoja aibonyeze akiamini ni kitu kingine: gemu, programu ya kraki, ankara, fomu ya ajira, hata video ya kashfa ya msanii. Mara nyingi jina la faili linaishia na ".mp4.exe", lakini Windows kwa kawaida inaficha ile sehemu ya mwisho, kwa hiyo wewe unaona video tu.

Ikishaingia kazi zake ni nyingi. Kuna trojani zinazomruhusu mtu wa mbali aendeshe kompyuta yako na kuwasha kamera. Kuna zinazofungua njia ili wenzake waje baadaye. Kuna zinazofunga mafaili na kudai hela. Iliyoingia Kapalamsenga ilikuwa ya aina inayotamba sana miaka hii: mwizi wa taarifa. Inasomba maneno ya siri yote yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari, inasomba na vidakuzi, inavituma kwa mwenyewe, mara nyingi ndani ya dakika chache tu.

Vidakuzi ni nini? Fikiria ukumbi wa shoo. Umelipa getini, umepigwa mhuri mkononi. Ukitoka kununua mishikaki na kurudi, mlinzi anaangalia mhuri tu, haulizi tiketi tena. Vidakuzi ndiyo mhuri huo. Ndiyo maana ukifungua Instagram leo haikuulizi nenosiri. Sasa mwizi akinakili mhuri wako, anapita getini kama wewe. Nenosiri hana haja nalo, na hata ile namba inayotumwa kwa meseji kuthibitisha ni wewe haitaulizwa, kwa sababu kwa mlinzi wewe ulishaingia zamani.

Hili sio jambo dogo duniani. Mei 2025 Microsoft na polisi wa nchi kadhaa waliivuruga mitambo ya trojani moja ya aina hii iitwayo Lumma. Kati ya Machi 16 na Mei 16 mwaka huo peke yake, Microsoft ilihesabu zaidi ya kompyuta 394,000 za Windows zilizoambukizwa.

Jumatatu ya moto

Jumatatu asubuhi ukurasa wa binti uliamka na picha yake akitabasamu, juu yake maandishi kwamba kapata faida ya shilingi 1,800,000 kwa saa tatu, na anawafundisha wengine bure. Hakuiposti yeye. Alikuwa anapiga deki.

Inboksi ndiko kulikokuwa kubaya zaidi. Aliyeingia alikuwa amesoma mazungumzo ya nyuma, kwa hiyo alijua nani anaitwa nani. Shangazi yake wa kikoba aliandikiwa: "Shikamoo shangazi. Kuna kitu nataka tuinuke wote, ila usimwambie mama kwanza, nataka iwe sapraizi." Shangazi akajibu marahaba mwanangu, akatuma shilingi 150,000. Ilikuwa hela yake ya kufuata dagaa Karema.

Sasa hapa ndipo stori ilipoharibika, na trojani haikuhusika peke yake. Binti aliona ile posti saa mbili asubuhi. Akashtuka, akaifuta. Ikarudi. Akaifuta tena, akafuta na komenti za watu waliokuwa wanauliza. Hakumwambia mtu. Aliona aibu, maana kichwani alishajua ni ile kraki ya Alhamisi, na kwamba ni yeye aliyezima antivairasi kwa mkono wake. Akajiambia atalimaliza kimya kimya kabla mama hajajua.

Akabadili nenosiri. Jioni mwizi karudi ndani. Akabadili tena. Usiku wa saa tisa mwizi kaingia tena. Jumanne mwanamke wa pili wa kikoba akatuma 80,000, mchana wa tatu akatuma 50,000. Jumla 280,000. Mchumba wake naye, kijana anayefanya kazi za mgodini, alipelekewa skrinishoti na marafiki. Hakuuliza kuhusu virusi. Aliuliza ni mwanaume gani wa mjini ana nenosiri lake. Wiki nzima hawakusalimiana.

Jumatano wanawake wa kikoba wakakaa. Hoja ilikuwa fupi: mtoto wa katibu kala hela zetu, na katibu anazo hesabu zetu zote kwenye hiyo hiyo kompyuta. Mama wa watu hakuwa na la kujibu, kwa sababu na yeye alikuwa anasikia kwa mara ya kwanza palepale.

Fundi akapiga Windows

Alhamisi laptopu ikapelekwa Mpanda kwa fundi. Fundi akasikiliza dakika mbili, akasema dawa ni kupiga Windows upya, shilingi 20,000. Akahamishia kila kitu kwenye flashi ya GB 64, akapiga, akarudisha kila kitu. Kila kitu, ikiwemo folda ya vitu vilivyopakuliwa, na ndani yake lile faili la zipu la 1234.

Jumamosi kijana wa kidato cha tatu akataka kukata video ya gemu yake aipandishe mtandaoni. Akaiona programu ya dada, akafuata maelekezo yale yale matatu. Jumapili asubuhi ukurasa ukawa na posti mpya ya faida.

Sio Kapalamsenga tu ambako watu wamewahi kufanya mambo kwa kiwewe. Trojani maarufu ya kwanza ya kudai hela ilisambazwa Desemba 1989, kwenye disketi kama 20,000 zilizotumwa kwa posta nchi mbalimbali. Disketi ziliandikwa kwamba zina taarifa za UKIMWI, na wengi waliopokea walikuwa watu wa afya na watafiti, wakaziamini. Programu ilifanya kazi kweli, ilikuuliza maswali na kukupimia hatari yako ya kuambukizwa. Huku chini kwa chini ilihesabu mara ngapi kompyuta imewashwa. Ikifika kama mara 90 inaficha mafolda, inavuruga majina ya mafaili, na inadai dola 189 zitumwe sanduku la posta Panama.

Aliyekamatwa kwa kesi hiyo ni Mmarekani, Joseph Popp, msomi wa baiolojia aliyewahi kufanya utafiti wa nyani hapa jirani Kenya. Alianza kutiliwa shaka kwenye uwanja wa ndege wa Schiphol, Amsterdam, akiwa anatoka kwenye mkutano wa UKIMWI Nairobi. Alipelekwa Uingereza kushtakiwa, na mahakama ikaona hali yake ya akili haimruhusu kusimama kizimbani.

Kinachohusu stori hii ni hiki: trojani ile ilivuruga majina tu, vilivyomo ndani ya mafaili vilikuwa salama, na wataalamu wakatoa programu ya kurudisha kila kitu bila kulipa senti. Lakini kuna watu walishafuta diski zao kwa hofu, na iliripotiwa taasisi moja Italia ilipoteza kazi ya miaka kumi. Kwa hiyo kufuta kila kitu bila kujua unapambana na nini kunaweza kuumiza kuliko adui mwenyewe. Na kufuta kisha kurudisha adui kwenye flashi ni kumlipia nauli.

Mwalimu akauliza swali moja

Aliyeokoa jahazi ni kaka mmoja anayefundisha kompyuta, alikuja Kapalamsenga kusalimia ndugu. Alipoitwa hakugusa laptopu kwanza. Aliuliza: "Dada, ulipobadili nenosiri, ulibadilia wapi?"

"Hapa hapa kwenye laptopu, kaka."

"Basi ulikuwa unamsomea mwizi kwa sauti."

Binti akakaa kimya. Mdogo wake, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema polepole: "Dada, na ile programu Jumamosi niliirudisha mimi." Hakuna aliyempiga. Mwalimu alisema kama dogo asingelisema hilo, wangerudia kazi mara ya tatu.

Kilichofanyika kuanzia hapo kinafaa kwa mtu yeyote mwenye Windows nyumbani, kwa hiyo kipo hapa hatua kwa hatua.

1. Intaneti ilikatwa. Wi-Fi ikazimwa, hotspoti ya simu ikazimwa. Trojani bila mtandao haiwezi kutuma wala kupokea amri.

2. Watu waliambiwa. Hii ilitangulia usafishaji wote. Binti alipiga simu kwa wanawake wote wa kikoba, akaweka status kwa namba yake kwamba ukurasa umedukuliwa, mtu asitume hela. Angefanya hivi Jumatatu saa mbili asubuhi, 130,000 za Jumanne zisingetoka.

3. Maneno ya siri yalibadiliwa kwenye simu safi. Walianza na barua pepe, kwa sababu mwenye barua pepe yako anaweza kurudisha akaunti nyingine zote. Wakakagua namba ya simu na barua pepe za kurejeshea akaunti. Kulikuwa na moja isiyojulikana, wakaitoa. Halafu wakaingia kwenye mipangilio ya kila akaunti na kuviondoa vifaa vyote vilivyoingia. Hii ndiyo inayofuta ule mhuri wa mkononi, na bila kuifanya mwizi anaweza kubaki ndani hata nenosiri likiwa jipya. Mwisho wakawasha uthibitisho wa hatua mbili.

4. Vitu vya thamani vilihamishwa kwa kuchagua. Walifungua mpangilio wa kuonyesha mwisho wa majina ya mafaili. Wakachukua picha, video na lile faili la Excel la kikoba. Chochote kinachoishia .exe, .msi, .bat, .scr, pamoja na mafaili ya zipu, kilibaki kwenye laptopu kikafe nacho.

5. Laptopu ilipekuliwa. Microsoft Defender inayokuja bure na Windows ina upekuzi wa nje ya mfumo, inazima kompyuta na kupekua kabla Windows haijaamka, wakati trojani haijapata nafasi ya kujificha. Unachukua kama robo saa. Ilikamata vitu viwili. Mwalimu akafungua na orodha ya mafolda ambayo Defender imeambiwa isiyaguse, akakuta folda nzima imewekwa humo. Trojani nyingi hufanya hivyo, zinajiandikia ruhusa. Watu wengi hawaifungui kabisa orodha hiyo.

6. Windows ilipigwa upya, safari hii kwa usahihi. Akatumia flashi iliyotengenezwa kwenye kompyuta nyingine safi, kwa faili lililopakuliwa kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe, na sehemu zote za diski zikafutwa. Alisema upekuzi ukikamata mwizi wa taarifa, huwezi kuwa na uhakika kama kilichokamatwa ndicho peke yake. Ile flashi ya fundi ikafomatiwa.

7. Watumiaji wakatenganishwa. Dogo akapewa akaunti yake ya kawaida, isiyo ya msimamizi. Akitaka kuweka programu lazima dada aandike nenosiri. Ni dakika tano tu za kazi, na sebule nyingi hazina.

Na ile programu ya video? Akaweka Shotcut, ya bure kihalali, haina mhuri na haikuambii uzime kitu. Alichukua siku kadhaa kuizoea. Kdenlive nayo ipo, na kwa hesabu za kikoba LibreOffice inatosha mtu asiye na hela ya Excel. Jambo lingine kwa wenye mashine za mtumba: nyingi zinakuja na Windows 10, na Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa toleo hilo Oktoba 14, 2025. Uliza kabla hujatoa hela.

Hela je?

Hela hazikurudi. Mtandao wa simu ulipigiwa, lakini zilikuwa zimeshatolewa siku nyingi. Namba iliyopokea ilitumwa kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa meseji, na taarifa ikafikishwa polisi, maana kuingia kwenye kompyuta au akaunti ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Mabenki na mitandao ya simu ina uwezo wa kuzuia muamala, lakini ni ndani ya dakika na saa, na siku mbili za aibu zilishapita.

Kikoba kilikaa tena. Safari hii binti alikuja mwenyewe, akasimama mbele ya shangazi zake, akaeleza kuanzia ile Alhamisi usiku, pamoja na jinsi alivyozima antivairasi na jinsi alivyonyamaza. Mwalimu alipiga picha orodha ya vifaa kabla ya kuviondoa, akaionyesha: kifaa kisichojulikana kiliingia saa tisa na dakika kumi usiku, wakati simu ya binti ilikuwa imelala chini ya mto wake. Wengi walielewa. Mmoja hakuelewa na hadi leo akipita anaangalia pembeni.

Shangazi wa dagaa alisema kitu ambacho kilimtoa binti machozi. Alisema hela imemuuma, lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba Jumatatu ile jioni alipita pale nyumbani kuchukua kibuyu, wakasalimiana vizuri, na binti hakumwambia. "Ungeniambia mwanangu, ningewaambia na wenzangu."

Binti akakubali kulipa nusu ya zile 280,000 kidogo kidogo, bila kulazimishwa na mtu. Kadi za harusi za kikundi anatengeneza bure hadi deni liishe. Hesabu za kikoba sasa zinakaa sehemu mbili: kwenye laptopu, na kwenye daftari jipya lililofungwa nailoni. Mchumba aliomba radhi kwa meseji, na binti hajaijibu. Hayo waachiwe wenyewe.

Ukiangalia vizuri, trojani ilikaa ndani ya laptopu ile siku kumi na mbili hivi, na muda mwingi haikuwa inalindwa na utaalamu wake. Ilikuwa inalindwa na aibu ya mwenye nyumba. Mtu aliyevunjiwa dirisha anapiga kelele mtaa mzima utoke. Mtu aliyefungua mlango mwenyewe anafunga mdomo, na mwizi analijua hilo.

Kwa hiyo fungua laptopu ya nyumbani kwenu leo jioni, umuulize na dogo pia, kwa upole: ni programu gani humu ndani iliwekwa baada ya kuambiwa uzime antivairasi? Anza na hiyo. Na kama yamekukuta, komenti zipo wazi hapo chini, elezea ilivyoingia ili mwingine asibonyeze. Majina ya watu yaache.